Kuku Niliyepewa kwa Matusi

Mtu aliyenipa kuku wangu wa kwanza alinitukana kabla ya kunipa, akanitukana wakati wa kunipa, na nilipokuwa naondoka na kuku kwapani akanitukana tena nisije nikasahau. Alikuwa jirani yetu wa juu, kwenye mlima ulio nyuma ya Matiliku, mwanamke mzee ambaye watoto wote tulimwita Susu, yaani nyanya, ingawa hakuwa nyanya wa yeyote kati yetu. Alizaliwa wapi sijui. Alikuwa wa ukoo gani niliwahi kuambiwa nikasahau, na anayetaka habari hizo akaulize kwingine. Mimi nataka kusema alivyokuwa. Nimekaa na hasira yake na yangu miaka mingi mno, na kila nikitaka kumsifu nakumbuka jambo moja linalonifunga mdomo.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo imeanza, nami nilikuwa na miaka kumi. Kuku wa kijiji kizima walikuwa wembamba, wenye shingo zilizonyonyoka, wakilala jikoni juu ya kuni na kufa kila upepo wa kiangazi ulipobadilika. Kuku wa Susu walikuwa wazito. Walikuwa na banda lao la fito lililoinuliwa kutoka chini, na ukipita asubuhi ulisikia wanavyozungumza humo ndani kama watu walioshiba. Nilitamani. Siku moja nilipanda kwake, nikasimama mbali na mlango kama inavyompasa mtoto, nikasema nimekuja kuomba kuku.

"Wa nini?"

"Nimfuge."

"Kufuga ni nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Ni kumpa mahindi," nikasema.

Alimgeukia mtu ambaye hakuwepo kando yake. "Huyu ni mpumbavu. Mpumbavu wa shingo ndefu. Hata mwizi humpa kuku mahindi."

Kisha akaokota kitako cha chungu kilichovunjika, akanitupia miguuni. Nikiweke nyuma ya jiko letu, alisema, mahali penye kivuli. Kiwe na maji safi asubuhi, mchana na jioni. Siku atakayokikuta kikavu au kichafu, nisikanyage tena kwake.

"Na kuku, Susu?"

"Kuku utamwona ukiweza maji."

Basi nilianza kumtunza kuku ambaye hakuwepo. Maji yetu tulichota mtoni, kwenye mashimo ya mchanga, na kwenda na kurudi kulimaliza asubuhi nzima ya Jumamosi. Mama aliponiona namwaga maji ya jana ili niweke ya leo, alishika kiuno.

"Unamwekea nani hayo?"

"Kuku."

"Kuku yupi?"

Wenzangu shuleni walipata habari, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisalimiwa kwa mlio wa kuku. Susu alikuja alipotaka, bila kubisha, akichechemea ndani ya buti za mpira za kiume alizovaa kila mahali, hata kanisani. Aliinama, akatia kidole, akanusa. Wiki ya pili alikuta jani moja likielea. Hakusema lolote juu ya jani. Alisema, "Anza kuhesabu siku upya." Nilihesabu upya. Akakuta ng'ombe wetu amekunywa. "Anza upya." Nililia kwa hasira mbele yake, nikamwambia ng'ombe si wangu. Akasema kuku hatauliza ng'ombe ni wa nani, atakuwa na kiu tu.

Hadi leo sijaamua kama lile lilikuwa somo au ukatili wa mzee asiye na kazi. Najua tu kwamba mwezi ulipokamilika bila kosa aliniita kwake, akatoa bandani mtetea mwekundu mwenye madoa shingoni, akamweka mikononi mwangu, akasema mikono yangu ni ya mtu wa kuua vitu, na kwamba akisikia amekufa atakuja na kaburi lake tayari.

Mdomo wake ulikuwa hivyo kwa kila mtu. Hakuwahi kumpiga mtoto, na hilo watu walisahau kumhesabia, lakini maneno yake yalikaa mwilini kuliko fimbo. Alimwita mwalimu mkuu gunia. Mchungaji wetu alizoea kurudi nyumbani kila Jumapili na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya wanaume wa kanisa. Jumapili moja Susu alisimama nyuma kabisa wakati wa matangazo, na buti zake, akauliza, "Kati ya hao wanaume, ni nani amewahi kufagia mavi ya jogoo huyo?" Wanawake waliinamisha vichwa, na mabega yao yakatikisika. Mchungaji alitangaza wimbo.

Na bado mtu huyohuyo alikuwa mchoyo wa kutisha. Ukitumwa chumvi kwake ulirudi mikono mitupu. Mwaka wa njaa, tulipokuwa tukipanga foleni ya mahindi ya msaada, yeye alikuwa na mtama ndani na aliwapa kuku. Tuliwaona wakidonoa. Mama mmoja mwenye mapacha alimwambia usoni kwamba Mungu anamwona. Akajibu, "Anione vizuri. Hawa kuku sikuwazaa, niliwafungia mlango. Ukimfungia kiumbe mlango, njaa yake ni yako." Yule mama alitema mate chini, na mimi nikiwa na tumbo tupu nilimuunga mkono. Lakini baadaye mwaka uleule binti wa huyohuyo mama alipojifungua, mayai kumi na mawili yalikutwa kizingitini, ndani ya kiondo, na nyayo za buti za mpira zilikuwa vumbini. Hakusalimu, hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Kiondo alikuja kukidai kesho yake, kwa ugomvi.

Kazi alinifundisha yote, siwezi kumnyima hilo. Alinifundisha kupaka majivu chini ya mbawa kuua utitiri. Alinionyesha kwa nini kuku mgeni kutoka soko la Mukuyuni hakai na wengine mpaka wiki mbili zipite, hata kama baba mwenye nyumba ndiye aliyemleta. Alinifundisha kukagua mavi kabla sijanawa uso, maana ugonjwa huanzia hapo, na kufunga mlango mwenyewe bila kumtuma mtu, kisha kurudi kuusukuma kwa mkono nione kama umefungika. Nikiwa na malaria, alisema, nitambae. Nilimuuliza, nikifa je? Akafikiri kwa makini, akasema, "Mwambie mamako kabla."

Mtetea wangu alitotoa mara ya kwanza vifaranga tisa. Nilikuwa nimejaa fahari mpaka nikawabadilishia chombo cha maji. Kitako cha chungu niliona ni cha kimaskini, nikaweka sufuria ndogo ya mama, yenye kina. Niliporudi kutoka shuleni watatu walikuwa wanaelea.

Niliwapeleka mwenyewe kwa Susu. Nilidhani kukiri kutanisaidia. Aliwapanga watatu juu ya jiwe la kusagia, mmoja mmoja, akanyoosha vibawa vyao vilivyolowa kama anawavika nguo.

"Huyu ameuawa na nini?"

"Maji."

"Maji hayana akili. Huyu ameuawa na nini?"

"Sufuria."

"Nimekuuliza."

Ilichukua muda. Jua lilikuwa linanichoma kisogo. Mwishowe nikasema, "Mimi." Akamsogeza kando, akaonyesha wa pili. Na wa tatu. Mara tatu nilisema "mimi", na mara ya tatu sauti ilikuwa imekwisha. Kisha akanipa jembe.

Sasa nina wajukuu. Wameua vifaranga wangu kwa njia zote ambazo mtoto anaweza kuua kifaranga, kwa kuwakumbatia, kwa kuwafundisha kuogelea, kwa kusahau. Sijawahi kumfanyia hata mmoja wao hivyo. Najua kwamba tangu siku ile mimi mwenyewe sikuwahi kuua kifaranga kwa maji, na ukweli huo unanikasirisha zaidi kuliko jiwe lenyewe.

Lakini hilo silo linalonifunga mdomo.

Baba alifanya kazi Mtito Andei, kwenye kituo cha mafuta, na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu wa kicheko, mwenye marafiki wengi wa barabarani, na hakupenda kuonekana hana kitu. Mwezi mmoja alikuja siku ya shule, asubuhi, na wageni wawili, mmoja wao msimamizi wake kazini. Mtetea wangu alikuwa amelalia mayai kumi na moja, siku ya kumi na nane. Zilibaki tatu tu. Nilikuwa nimeweka alama za mkaa ukutani, na asubuhi ile kabla ya kwenda shule nilikuwa nimemsogezea maji karibu ili asihangaike kutoka.

Yaliyotokea niliyapata kwa mama baadaye, kwa vipande. Baba alisema wageni hawawezi kula ndengu. Mama akasema wengine wameshauzwa, kuku aliyebaki ni wa mtoto, tena amelalia. Baba akacheka, akawageukia wageni. "Mtoto ana kuku! Na mtoto mwenyewe ni wa nani?" Wageni wakacheka. Aliingia jikoni mwenyewe, akamnyanyua kutoka juu ya mayai. Mama alisema kuku hakupiga kelele. Alikuwa amezoea kushikwa.

Nilirudi saa kumi. Manyoya mekundu yalikuwa yametapakaa karibu na jiko, na chini ya mti wanaume walikuwa wamekunja mikono ya mashati wakichokoa meno. Niliingia jikoni nikashika mayai. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Niliyafunga ndani ya sweta la shule nikapanda mlima mbio, nikianguka, nikiyakinga kwa tumbo.

Susu alipasha maji, akajaribu joto lake kwa kiwiko, akayaweka mayai humo moja moja, tukainama juu ya karai kutazama. Yai lenye kifaranga hai wa siku hizo hutikisika majini, kidogo sana, kama linapumua. La kwanza lilitulia. La pili likatulia. La tatu lilijitikisa, na mimi nikatoa sauti ambayo sijui niiite nini. Manne yalikuwa hai. Aliyafuta kwa nguo yake akayasukuma chini ya kuku wake mwenyewe aliyekuwa amelalia. Halafu akanigeukia.

"Ulikuwa wapi?"

"Shuleni."

"Ulimwambia babako kuna mayai?"

"Hakuwepo, Susu. Amekuja leo."

"Ulimwambia mamako amwambie? Ulimfunga mahali asipoonekana? Mwezi unaisha, unajua babako anakuja, unajua wanaume wanakula nini wakija. Ulifanya nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka yale mayai. Nilitaka mtu mzima mmoja tu, siku ile, aseme kwamba si mimi. Nilimwambia namchukia, kwa sauti, na nilimaanisha.

Alitazama pembeni. Nadhani alitaka kusema kitu. Badala yake aliyakusanya yale saba yaliyokufa ndani ya karai, akavaa buti, akateremka mlima. Mimi nikamfuata kwa nyuma.

Aliingia uani kwetu bila salamu. Alisimama mbele ya baba na wageni, penye sahani za mifupa, akachukua yai la kwanza akalipasua ndani ya sahani ya baba. Kifaranga alitoka amekunjamana, ana manyoya, ana kucha. Mgeni mmoja alirudisha kiti nyuma.

"Hujamaliza kula," Susu akasema. Akapasua la pili. "Umekula mama, kula na watoto." La tatu. "Wape na wageni, usiwe mchoyo."

Alipasua yote saba. Hakuna aliyemzuia. Baba aliyekuwa hodari wa kicheko alikaa mdomo wazi, na msimamizi wake akawa anatazama vumbi la viatu vyake. Nilikuwa nimesimama penye ua wa mnyaa, na nitasema kweli, sijawahi kufurahi hivyo maishani. Nilimpenda. Nilisahau niliyomwambia dakika chache zilizopita. Niliona kwamba mtu anaweza kusema, kwa sauti, mchana, mbele ya watu, na dunia isianguke.

Kisha aliinamisha karai likamwagika maji, akaliweka kwapani, akarudi kwake.

Wageni waliondoka upesi. Jua lilikuwa bado halijazama gari lao lilipofika barabarani. Na baba, ambaye hangeweza kumgusa mwanamke mzee wa watu, alimwita mama ndani ya nyumba.

Sitaeleza. Nilikuwa nje, nikisikia. Mama hakuwa amepasua yai lolote. Mama ndiye pekee aliyesema, asubuhi ile, kwamba kuku ni wa mtoto. Kwa wiki mbili hakuweza kuinua mkono wa kushoto kufika kichwani, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Wazee wa ukoo waliketi. Walimtoza Susu mbuzi kwa kumdhalilisha mwanamume nyumbani kwake, naye akamtoa, mbuzi akaliwa, na baba akala. Juu ya mkono wa mama hakuna aliyeuliza, maana hilo halikuwa shauri. Mimi nilikatazwa kukanyaga kwa jirani. Wale vifaranga wanne walitotolewa huko, nikawaona kwa mbali wakikua. Siku moja, baba akiwa kazini, nikawakuta wamefungwa ndani ya tenga mlangoni kwetu, kuku wakubwa tayari, na chini ya tenga kulikuwa na kile kitako cha chungu, kimetolewa nyuma ya jiko letu. Sikwenda kushukuru. Mama aliwatazama, akasema, "Wafungie vizuri," na hakusema tena. Yeye na Susu walikuwa wakichota maji mto mmoja, wakikaa kanisa moja, na sikuwahi kuona mmoja akimwangalia mwenzake.

Kutoka kwa wale wanne ilitoka karo yangu, na kutoka kwa karo ikatoka maisha yangu. Niliolewa Kitui, nikaishi mjini, nikafuga kuku mia mbili wa mayai nyuma ya nyumba. Wanawake vijana walipokuja kuniomba niwaanzishe, niliwafundisha majivu, mlango, mavi ya asubuhi, kuku mgeni. Mara nyingine nilisikia mdomo wangu ukianza kumwita mtu mpumbavu, nikaufunga.

Mama alifariki miaka ya tisini ilipoanza. Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda mlima. Sikwenda kusalimia. Nilikuwa nimebeba maneno tangu utotoni, na sasa hakukuwa na mtu wa kuumizwa nayo isipokuwa Susu.

Alikuwa amekaa mlangoni, mdogo kuliko nilivyotarajia, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Banda lilikuwa limeanguka upande. Kuku watatu tu walikuwa wakiparura.

"Nani?"

"Wa chini hapa. Wa kuku."

"Mamako amezikwa, nasikia."

"Amezikwa."

"Sikuja."

"Nimeona." Nilibaki nimesimama. "Susu, siku ile uliyopasua mayai. Ulipoondoka, mama alipigwa."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Ni hapa tu chini. Nilisikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu asiyejua. "Ulisikia ukafanya nini?"

"Nilifungia kuku."

Jogoo alipita kati yetu. Susu alikuwa anapapasa pindo la leso yake kama anayetafuta fundo.

"Niliogopa," akasema. "Wanaume wale wawili, na gari, sikuwaogopa. Ile sauti ya mamako niliiogopa. Nilijua ni mimi niliyeisababisha."

"Miaka ishirini, Susu. Ungemwambia hata neno."

"Lipi? Wewe umesoma. Niambie lipi."

"Pole."

"Pole," alilirudia, kama neno la kabila lingine. Halafu akauliza, na sauti haikuwa ile niliyoijua, "Aliwahi kunitaja?"

Nilijua jibu la huruma. Lilikuwa karibu sana mdomoni. Ingenigharimu nini kusema kwamba mama alimkumbuka, kwamba kitandani alimuulizia?

"Hapana," nikasema. "Hata mara moja."

Alitikisa kichwa taratibu. Alipangusa macho kwa kiganja, na sikuweza kujua kama ni machozi au ni ule ugonjwa. Sikuuliza. Nilikaza leso kiunoni nikateremka kwa mama, ambako masufuria ya matanga yalikuwa yamerundikwa uani. Shangazi zangu walisema wangenisaidia. Nikawaambia waniache. Niliyasugua yote kwa mchanga, moja baada ya jingine, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.